Kupanga Sebule kwa Sofa ya Kijivu: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Arusha na Moshi

Sofa ya kijivu huuzwa kwa maneno yale yale: "Hii inaendana na rangi yoyote." Muuzaji hakudanganyi moja kwa moja, ila amekuambia nusu. Kijivu kinabadilika kufuatana na kilicho jirani yake kuliko rangi nyingine yoyote utakayoingiza sebuleni. Ndiyo maana sofa iliyokuwa ya heshima dukani inafika Sakina, Arusha, na kugeuka ya bluu, au inafika Pasua, Moshi, na kuonekana imepauka kabla hata ya kukaliwa. Sofa ni ile ile. Kilichobadilika ni dirisha, balbu, ukuta na sakafu.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na mito wala maua. Tunaanza na sofa yenyewe na mwanga wa nyumba, kisha kuta, mpangilio, mapazia, zulia, na urembo mdogomdogo mwishoni. Huo pia ndio mpangilio mzuri wa kutumia fedha kama zinakuja kwa awamu. Wengi hufanya kinyume: wanakutana na zulia lenye punguzo, wanalinunua, halafu nyumba nzima inaanza kulitumikia zulia.

Hatua ya 1: Kitambue kijivu chako

Karibu kila kitambaa cha kijivu kina rangi nyingine iliyojificha ndani yake. Kuna kijivu kilichoegemea bluu, ambacho dukani kinaonekana safi na cha kisasa, lakini kina ubaridi. Kuna kilichoegemea kahawia, kama ngozi ya tembo aliyetoka kujimwagia vumbi. Kuna kilichoegemea kijani. Na kuna kilichoegemea zambarau, msumbufu kuliko wote, kwa sababu kikikutana na ukuta wa krimu zambarau yake inajitokeza yote.

Ili kukitambua, ngoja saa sita mchana, zima taa zote, fungua mapazia, kisha tandaza juu ya sofa vitu vingine vya kijivu ulivyo navyo: sweta, suruali ya sare ya shule, kipande cha tofali la saruji kutoka uani. Kijivu kikiwa peke yake jicho halina cha kulinganisha. Vikiwa vitatu au vinne, tofauti inaonekana papo hapo. Karatasi nyeupe ya printa, ambayo watu huipendekeza sana, si shahidi mzuri: hutiwa kemikali za kuing'arisha zinazoipa ubluu kidogo, na karibu kitambaa chochote kitaonekana cha kahawia mbele yake.

Kama bado hujanunua, uko pazuri zaidi. Wengi wetu hatununui sofa iliyokamilika, tunaagiza kwa fundi makochi. Mwombe vipande vya sampuli, angalau vya ukubwa wa kitabu, na umwachie chochote cha dhamana ili ulale navyo nyumbani. Viegemeze mahali sofa itakapokaa, uviangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Kipande cha ukubwa wa kidole kilichogandishwa kwenye katalogi hakikuambii kitu.

Angalia pia wingi wa weusi. Vumbi letu ni la kahawia, na miezi ya kiangazi linapita hata dirisha likiwa limefungwa. Kijivu cha mkaa, kile kinachokaribia weusi, kinalionyesha vumbi hilo siku hiyo hiyo uliyofuta. Kijivu cheupe nacho kinaonyesha mikono ya watoto na chai. Kinachoficha vizuri ni cha katikati kilichoegemea kahawia, na kwa nyumba yenye watoto wadogo nisingehangaika na kingine.

Hatua ya 2: Soma mwanga, na mlima ukusaidie

Watu wa Arusha na Moshi hatuhitaji dira. Mlima uko kaskazini: Meru kwa aliye Arusha mjini, Kilimanjaro kwa aliye Moshi. Na kwa kuwa tuko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linahamahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba linapita upande wa mlima. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita upande wa pili.

Kwa hiyo dirisha la sebule linalotazama mlima linapata jua msimu wa baridi, pale wingu linaporuhusu, na katika joto la Desemba na Januari linakaa kwenye kivuli. Kwa sofa ya kijivu hiyo ni bahati. Dirisha lililoupa mlima mgongo linakosa jua Juni na Julai, ndiyo miezi ambayo Arusha ina mawingu tangu asubuhi, na mwanga unaoingia ni wa bluu. Hapo kijivu cha bluu kinakuwa kizito, chumba kinanuna. Dirisha la mashariki linaipendeza sofa asubuhi na kuisahau mchana. La magharibi linatoa rangi ya machungwa kuanzia saa kumi jioni, na jua hilo hilo ndilo linalopausha kitambaa haraka kuliko yote, tutalirudia kwenye mapazia.

Halafu kuna hali ya hewa yenyewe. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Moshi iko chini zaidi, mita mia nane na kitu, na Februari mchana huvuka nyuzi 30. Sofa moja, miji miwili, mahitaji mawili. Arusha sebule ya kijivu inataka kupashwa: mbao, sufi, haradali, taa za manjano. Moshi mtu anaingia kutoka juani akitafuta pa kupumzisha macho, kwa hiyo kijivu kibaridi kinaruhusiwa, pamoja na nyeupe, kijani, mkeka, na pazia jepesi linalopitisha upepo. Ukiiga picha ya sebule uliyoiona kwenye simu, jiulize kwanza inatoka kwenye nyumba yenye hali gani.

Sasa balbu. Zinunue kabla ya kitu kingine chochote, maana ndizo za bei ndogo na ndizo zenye nguvu kubwa. Kwenye boksi tafuta namba yenye herufi K. 6500K ni nyeupe kali, ndiyo imejaa kwenye maduka yetu ya vifaa vya umeme, na ndiyo inayoifanya sofa ya kijivu ionekane kama benchi la zahanati. 4000K ni ya kati. 3000K ni ya manjano laini, na ndiyo ninayoshauri kwa sebule, Arusha bila mjadala. Usichanganye: balbu moja ya 6500K katikati ya tatu za 3000K inaharibu zote.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 5, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,000 hadi 4,000 zinatosha, yaani kama balbu nne za LED za wati 9. Zigawe. Moja au mbili darini, nyingine kwenye taa ya kusimama nyuma ya kona ya sofa na taa ndogo juu ya kabati la televisheni. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaoonyesha ufumaji wa kitambaa. Ukitoka juu peke yake sofa inakuwa bapa. Na zile taa za bluu na zambarau ndani ya jipsam, ziache zimezimwa. Najua fundi alizihesabu kwenye bei na nitawaudhi wengi, lakini hakuna kijivu kinachopona chini yake.

Hatua ya 3: Ukuta na sakafu

Jicho likiangalia rangi kali kwa muda, kitu cha kijivu kilicho jirani linakiona kimeelekea rangi iliyo kinyume. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hili mwaka 1839. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka, naye akagundua kwamba nyuzi hazina kasoro, zinadhoofishwa na rangi zilizofumwa pembeni yake.

Hilo ndilo linalotokea nyumbani. Ukuta wa krimu iliyokolea manjano unaisukuma sofa kwenye bluu na zambarau. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo nyumba nyingi za zamani za Moshi zinayo, inaisukuma kwenye kijani. Ukuta wa kijani unaitia wekundu kidogo. Ukijua hivyo unaacha kuilaumu sofa.

Je, upake rangi gani? Sofa ya kijivu-bluu: nyeupe ya maziwa, ile yenye tone la kahawia na si la manjano. Sofa ya kijivu-kahawia: krimu nyepesi, beji (kahawia hafifu kama mchanga), hata kijani kilichopoa kama jani la mgomba lililoanza kukauka. Sofa ya kijivu cha mkaa inavumilia karibu kila ukuta, mradi usiwe mweusi kama yenyewe. Kupaka kuta zote nne kijivu kwa sababu sofa ni ya kijivu, hapana. Chumba kinaishia kuonekana hakijapigwa rangi.

Kabla ya kumwita fundi rangi, nunua kopo dogo kabisa, paka kwenye ubao au kadibodi kubwa, usimamishe nyuma ya sofa kwa siku mbili tatu. Halafu piga hesabu mwenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzunguko wa mita 18, yaani mita za mraba 48 na ushee. Toa milango na madirisha, inabaki kama 40. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili ni lita 8: galoni mbili za lita 4. Akikuambia anahitaji ndoo ya lita 20, muulize anapaka nyumba ya nani nyingine.

Sakafu hubadilishi kirahisi, kwa hiyo unaitibu kwa zulia. Marumaru nyeupe zinazong'aa zinaifanya sofa ionekane inaelea, na hapo zulia si pambo tena, ni lazima. Sakafu nyekundu niliyoisema usiichimbe. Ing'arishe, weka zulia la krimu au mkeka mpana chini ya sofa ili kijivu kisigusane na wekundu, basi.

Hatua ya 4: Panga viti kwa ajili ya watu wanaokuja kweli

Seti ya tatu-mbili-moja-moja ina nafasi saba, na katika chumba cha mita 4 kwa 5 inageuka ukumbi wa kusubiria: kila kochi limebanwa ukutani, katikati kuna uwanja mtupu. Maoni yangu, na wapo watakaobisha: ukitaka sofa ya kijivu ipendeze, toa angalau kochi moja la mtu mmoja ulipeleke chumbani. Kitu kikubwa cha kijivu ni kimoja. Kikiwa vinne chumba kizima kinakuwa kijivu na hakuna mto utakaokuokoa. Kama unaagiza upya, agiza sofa ya watu watatu ya kijivu na viti viwili vya mbao vyenye mto wa rangi nyingine.

Wageni je? Hapa ndipo picha za mitandaoni zinapotuangusha. Jumuiya ikija kusali nyumbani kwako wanakuja watu ishirini. Mwezi wa kumi na mbili, familia zikipanda kutoka Dar es Salaam kuja uchagani, sebule inalaza, inalisha na inapokea ukoo. Kwa hiyo nafasi ya akiba inahitajika. Stuli nne zinazoingia chini ya meza au chini ya dirisha, zenye mto wa kitambaa, zinafanya kazi kuliko kochi la tatu. Viti vya plastiki viache stoo. Siku ya jumuiya hakuna anayehukumu rangi.

Vipimo vya kushika: njia ya kupita iwe sentimita 75 hadi 90. Kati ya sofa na meza ya katikati, 40 hadi 45, mtu afikie kikombe bila kuinuka. Viti vinavyotazamana visizidi mita 2.5, vinginevyo watu wanaanza kupaza sauti. Televisheni ya inchi 55 ina mshazari wa sentimita 140, na kukaa mita 2.1 hadi 3 kutoka kwayo kunatosha.

Jingine dogo lenye faida kubwa: isogeze sofa sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Masika, kuta za nje za nyumba nyingi za Arusha hupata unyevu, na mgongo wa sofa uliogusana nazo huota ukungu ambao hutauona mpaka siku ya kuhama.

Hatua ya 5: Mapazia

Pazia ndilo eneo kubwa la kitambaa baada ya sofa, kwa hiyo lisiwe kijivu kilekile. Likiwa kijivu, liwe jepesi zaidi au zito zaidi waziwazi. Chaguo salama ni rangi ya ukuta iliyokolea kidogo. Chaguo lenye roho zaidi ni kahawia ya kahawa, haradali iliyopoa au kijani cha msitu, Arusha hasa. Moshi ningeweka shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, nyeupe ya maziwa mchana kutwa na pazia la kitani au pamba pembeni kwa ajili ya usiku.

Fimbo ipande sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu ya dirisha, au karibu na dari kama dari ni fupi, na ipite fremu sentimita 20 kila upande ili mchana pazia lisile mwanga. Pazia lishuke mpaka lipungukiwe sentimita moja tu kugusa sakafu. Lile linaloishia chini kidogo ya dirisha linaifanya sebule ionekane imevaa suruali fupi.

Kitambaa: fimbo ya mita 2.2 inataka upana wa mara mbili, yaani mita 4.4, ongeza pindo za pembeni uchukue 5. Vitambaa vingi vya mapazia vina upana wa sentimita 280, na upana huo ndio unaogeuzwa kuwa kimo, kwa hiyo hizo mita 5 zinatosha bila kuunga. Kwa dirisha la magharibi, ongeza kitambaa cha ndani cha kuzuia jua. Kijivu kikipauka kwa jua hakipauki sawasawa, mkono mmoja wa sofa unageuka njano na mwingine unabaki ulivyo. Na kama fedha ni ndogo, pita Memorial au Kiboriloni pale Moshi, penye mitumba: mapazia mazito ya pamba, ambayo mapya yangekumaliza, huwa yanapatikana. Nenda na vipimo na kipande cha kitambaa cha sofa mfukoni.

Hatua ya 6: Zulia, meza na mbao

Zulia dogo lililojikunyata chini ya meza ndilo kosa la sebule nyingi. Miguu ya mbele ya sofa ikanyage zulia, na zulia lipite urefu wa sofa angalau sentimita 15 kila upande. Sofa ya watu watatu huwa na sentimita 200 hadi 220, kwa hiyo zulia la futi 5 kwa 8 huwa fupi kwa sofa ndefu. Tafuta 6 kwa 9 au 7 kwa 10, upande mrefu uende sambamba na sofa. Zulia la manyoya marefu ni zuri kwa Julai ya Arusha na ni adhabu kwa vumbi. Lenye nyuzi fupi, lenye michoro midogo ya kahawia na krimu, linaficha mengi. Moshi mkeka mpana wa ukindu unatosha na unapoza. Zulia la mkonge linapendeza mno na kijivu kwa sababu ya ukwaru wake, ila maji yakimwagika linabaki na doa.

Mbao ndizo dawa ya kijivu. Mninga, mtiki na mkongo zina joto la asili ambalo kitambaa hicho kinakosa. Tatizo ni vanishi. Mafundi wengi huzoea ile nyekundu inayong'aa, na tumeshaona wekundu unachofanya: unaitia sofa kijani. Mwambie seremala apake vanishi isiyo na rangi, isiyong'aa, aiache mbao ijisemee. Kama ni mbao ya paini, atie kahawia tu. Meza iwe na kimo sawa na kalio la sofa au chini yake kidogo, na urefu wa theluthi mbili ya sofa. Ya kioo na chuma cha rangi ya fedha ningeiacha dukani. Kijivu juu ya kijivu, na kila alama ya kidole inaonekana.

Hatua ya 7: Mito, shuka na vitambaa vya mama

Chagua rangi moja kuu na moja ya kuisindikiza. Kwa kijivu cha bluu: haradali na krimu, au kahawia ya ngozi na nyeupe ya maziwa. Kwa kijivu cha kahawia: kijani na krimu, au bluu ya nili. Nyekundu inawezekana, lakini kidogo: shuka moja ya Kimasai iliyokunjwa kwenye mkono wa sofa inatosha, na Arusha itatumika kweli saa mbili usiku, haitakuwa ya kuangaliwa tu. Zipo pia za bluu na nyeusi, na kwa kijivu cha mkaa hizo nazipenda zaidi.

Kitenge ndicho mkombozi wa bei nafuu. Chukua chenye angalau rangi moja iliyopo tayari chumbani, na usiweke vitenge zaidi ya viwili vyenye michoro tofauti: kimoja cha michoro mikubwa, kingine cha midogo. Loweka na ukianike kabla ya kukata, maana kitenge cha pamba hurudi na wakati mwingine huchuja, nawe hutaki kichuje juu ya sofa. Upana wake ni kama sentimita 114, kwa hiyo yadi mbili zinatoa foronya tatu za sentimita 45 zenye mgongo wa kukunja usio na zipu. Ukitumia kitenge mbele tu na kitambaa cha rangi moja nyuma, zinatoka nyuso sita. Ndani weka mto wa sentimita 50. Mto mkubwa kidogo kuliko foronya yake ndio unaosimama.

Mito mitano kwa sofa ya watu watatu ni mingi ya kutosha. Ikizidi, mgeni anakaa na mto mapajani hajui auweke wapi.

Kuna vile vitambaa vya makochi, vilivyofumwa kwa kroshia, ambavyo mama au mama mkwe alivituma na atauliza viko wapi. Usivifiche. Nyuzi za krimu juu ya kijivu zinaleta ukwaru ambao maduka yanauza ghali. Usivitandaze kwenye kila mgongo wa kochi; chagua kimoja kikubwa ukiweke juu ya meza ya pembeni, au kitundike ukutani ndani ya fremu. Akija atakiona kabla ya kukaa.

Ukimaliza hapo, piga picha ya sebule kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimekuwa kijivu cha aina moja, umepata rangi lakini hukupata weusi na weupe. Ongeza kitu cheusi kweli na kitu cheupe kweli. Cheusi kidogo tu: fremu, mguu wa taa, kinyago cha mpingo kutoka soko la vinyago la Fire Road, Arusha.

Hatua ya 8: Ukutani na kwenye chungu

Juu ya sofa weka picha moja kubwa au kundi lililobanana, upana wa theluthi mbili ya sofa, ukingo wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 25 juu ya mgongo wa kochi. Picha ndogo iliyopigiwa msumari karibu na dari inaonekana imepandishwa huko isiibwe. Picha za Tingatinga zinakaa vizuri sana hapa, maana kijivu kinaziachia nafasi ya kupiga kelele. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, na wanaomfuata bado wanachora hivyo. Kwa hiyo usiitundike mkabala na dirisha, mng'ao utaifuta.

Mmea, mmoja mkubwa ni bora kuliko vikopo saba. Vitalu vya miche vya kandokando ya barabara ya Arusha hadi Moshi, kuanzia Tengeru kwenda Usa River, vina karibu kila unachotaka. Masale, ambayo ni jamii ya Dracaena, duniani kote yanauzwa kama mmea wa sebuleni: yanavumilia kivuli na kusahauliwa maji. Kwa nyumba ya Kichagga ujue tu kwamba jani la sale ndilo la kuombea msamaha, na mzee akiliona kwenye chungu pembeni ya sofa anaweza kuuliza nani kamkosea nani.

Hatua ya 9: Kuitunza

Futa vumbi kabla halijakutana na unyevu. Vumbi kavu linatoka kwa brashi laini, likilowa linakuwa tope ndani ya nyuzi. Kila wiki inatosha masika, kiangazi mara mbili. Geuza mito ya kukalia kila mwezi, kama inageuzika, maana kila nyumba ina mtu mwenye kona yake.

Chai ya maziwa ikimwagika, gandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue, kisha maji baridi. Maji ya moto yanaigandisha protini ya maziwa na doa linakaa. Anza ukingoni kwenda katikati. Mafuta ya chapati au nyama choma: nyunyiza wanga au poda ya mtoto, acha dakika kumi na tano, kung'uta, rudia, ndipo uje na sabuni kidogo. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kama sofa ina lebo yenye herufi S peke yake, usiguse maji kabisa. W inaruhusu maji. Sofa ya fundi haina lebo, kwa hiyo siku ya kuagiza mwombe akuachie mita moja ya kitambaa kile kile. Utajaribia sabuni juu yake, na mkono wa sofa ukichakaa, utakuwa na cha kuufunika bila kuanza kutafuta kijivu kinachofanana.